Kuutazama Kilimanjaro Kutoka Dirisha la Ndege

Safari ya ndege toka Nairobi hata Mombasa ni ya muda wa saa moja hivi, na abiria wengi huimaliza kwa kusoma gazeti au kusinzia. Wapotezacho si kidogo. Kando ya njia hiyo umesimama mlima mrefu kuliko yote ya Afrika, wenye kimo cha futi 19,340, yaani mita 5,895, nao huonekana upande mmoja tu wa ndege. Aliyeketi upande wa pili huambulia kutazama visogo vya wenzake.

Atokaye Nairobi na aketi kuume. Ndege huelekea kusini-mashariki, na Kilimanjaro, ulio katika nchi ya Tanzania, hubaki mkono wa kulia, mbali kiasi cha kilomita mia moja. Katika ndege zenye viti sita kwa safu, herufi A huwa dirisha la kushoto na F dirisha la kulia. Lakini ndege ndogo zina hesabu nyingine. Basi ni heri kumwambia karani waziwazi, "Nipe dirisha la kuume," kuliko kutegemea herufi. Tena asikubali kiti kilicho juu ya bawa, asije akalipa nauli yote ili kutazama bati.

Saa nayo ina maana. Asubuhi jua hutoka upande wa kushoto wa ndege, likaumulika mlima pasipo kumchoma mtazamaji macho. Ifikapo adhuhuri mawingu huwa yamekwisha kuuvika nguo nzito. Hata mwezi wa Julai, Nairobi ikiwa chini ya mbingu ya kijivu, msafiri asikate tamaa: ndege ikiisha kuyatoboa mawingu, mara nyingi Kibo huonekana kimetokeza juu yake kama kisiwa baharini.

Robo saa baada ya kuruka, gazeti na lifungwe. Kibo ni kile kipana chenye kichwa bapa. Kushoto kwake ni Mawenzi, chenye miamba iliyochongoka. Weupe wa Kibo si ule wa picha za zamani. Tangu mwaka 1912 mlima umepoteza zaidi ya asilimia 80 ya barafu yake ya kudumu, na mara nyingine kinachong'aa ni theluji iliyoanguka juzi tu, ambayo haitakaa. Kwa hiyo mzazi asafiriye na mtoto amwachie mtoto dirisha. Mzee pengine amekwisha kuiona barafu hiyo; mtoto akikua huenda asiikute.

Karibu zaidi na ndege hupita vilima vya Chyulu. Mvua inyeshayo huko huzama katika mawe ya volkano, ikaibuka katika chemchemi za Mzima, na bomba huchukua sehemu ya maji hayo mpaka Mombasa. Baadaye huja nchi nyekundu ya Tsavo, na milima ya Taita yenye mashamba yake.

Aliyekosa nafasi kuume ana uwanda mrefu wa Yatta wa kutazama, si haba. Na wakati wa kurudi Nairobi mambo hugeuka: mlima huwa mkono wa kushoto, na kiti cha kuombwa ni A.