Mombasa: Muone Samaki Kabla ya Kumla

Msomaji, ukishuka Mombasa na watoto likizo ya Agosti, usiagize samaki ovyo. Ni msimu wa kusi. Bahari huchafuka, ngalawa nyingi hazivuki mwamba, nawe waweza kuuziwa samaki aliyelala barafuni siku nyingi kwa bei ya aliyevuliwa leo. Kaskazi ivumapo, Desemba hadi Machi, changu na kolekole huwa tele.

Ingia Mji wa Kale, nyuma ya Fort Jesus. Mwombe mpishi akuonyeshe samaki akiwa mbichi: macho yang'ae, ndani ya mashavu pawe pekundu. Kisha agiza wa kupaka, achomwe makaani huku akipakwa tui zito lenye ukwaju. (Uma wa nini? Nawa mikono.) Pweza mtafute siku za bamvua, maji yakupwapo sana na wavuvi kumfuata mwambani kwa miguu.