Mkia wa Helikopta

Helikopta ni mashine inayopigana na mwili wake. Panga boi kubwa la juu likizunguka kulia, kiwiliwili kinataka kuzunguka kushoto. Kinachokizuia ni kipanga kidogo cha mkiani, kinachosukuma hewa pembeni. Kikigoma hicho, mashine nzima inazunguka kama pia ya watoto.

Hayo nimeyaelewa kwa kuunga kihelikopta cha rimoti, boksi la bei chee, hapahapa Kharumwa. Mota mbili, betri, na karatasi ya maelezo yenye herufi kama sisimizi. Kaka akasema, "Mdogo wangu, hela hiyo si ungeitia duarani?" Neno zito hilo. Kwetu aliyemaliza kidato cha nne anategemewa alete dhahabu, au walau kiroba cha mawe cha kupeleka kwenye karasha. Siyo kushika bisibisi mchana na kuandika riwaya usiku. Mwezi ujao nitashuka naye shimoni, maana unga haununuliwi kwa hadithi.

Lakini boksi siliuzi, wala daftari silifungi. Igor Sikorsky, kule Marekani, Septemba 1939 aliinyanyua VS-300 yake ikiwa imefungwa chini kwa nyaya. Ikaja kuruka huru Mei 1940. Kumbe kufungwa siyo kushindwa. Duara litanivuta upande wake kwa nguvu zote. Daftari, hata kurasa mbili kwa usiku, ndilo mkia wangu. Ni dogo, bwana, ila ndilo linaloamua nielekee wapi.