Sifa na Ila za Kinanda cha Mkononi

Kila zama zina kinanda chake. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenziwe walivuka bahari kutoka Unguja kwenda Bombay kutia sauti zao katika santuri, na watu wengi wa pwani ambao hawakupata kuketi barazani pake wakamsikia kwa sindano na bamba jeusi. Ikafuata redio: Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, na kufikia mwaka 1965 ilikuwa imekwisha kuwa Radio Tanzania. Kisha zikaja kanda, nazo zikapita. Kinanda cha zama hizi hakina sindano wala ukanda. Ni programu iliyomo ndani ya simu, ambayo huvuta wimbo kwa njia ya intaneti kutoka ghala la mbali, ukasikika papo hapo, na msikilizaji akaenda zake bila ya kuumiliki.

Programu za namna hiyo ni nyingi. Mdundo ilianza Nairobi mwaka 2013. Boomplay ilianza Nigeria mwaka 2015, nayo ilifika kwa wengi kwa kuwa ilikuwa imetiwa katika simu za Tecno tangu kiwandani. Spotify, iliyozaliwa Sweden na kufunguliwa kwa watu mwaka 2008, iliingia Tanzania mwezi wa Februari 2021. Hiyo ya mwisho ndiyo itakayopimwa hapa, kwa sababu kanuni inazojiwekea huwa mfano kwa nyingine. Na itapimwa kwa mizani ya Bagamoyo, mji wenye haki ya kuuliza habari za muziki kuliko miji mingi.

Haki hiyo haitoki katika magofu ya Kaole wala katika habari za misafara ya pembe. Inatoka katika Chuo cha Sanaa, kilichoanzishwa mwaka 1981, ambacho tangu mwaka 2007 huitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, au kwa kifupi TaSUBa. Inatoka pia kwa mtu mmoja, marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyeufanya mji huu kuwa maskani yake, akafundisha, akapiga ilimba na zeze, akaimba, hata akafariki mwaka 2003. Katika miaka ya 1990 sauti yake ilichukuliwa na Real World, kampuni ya Mwingereza Peter Gabriel, ikatoka sahani iitwayo Chibite. Na mwaka 2002 ikatoka nyingine, Assembly, aliyoifanya pamoja na Michael Brook. Sahani hizo ziliuzwa Ulaya kwa fedha za Ulaya. Mtu wa Bagamoyo aliyempita Zawose njiani asubuhi na kuamkiana naye, alikuwa na nafasi ndogo ya kuinunua sauti yake kuliko mgeni wa Bristol asiyejua Dodoma iko upande gani.

Hapo ndipo sifa ya kwanza ya programu hii inapodhihirika, nayo si sifa ndogo. Sauti iliyosafirishwa imerudi nyumbani. Mwanafunzi wa zeze apandaye basi Makumbusho aweza kumsikia Zawose tangu Mwenge mpaka Bunju, na tangu Bunju mpaka Mapinga na Kerege, akirudia kipande kile kile mara ishirini bila ya ukanda kukatika wala betri za redio kunywea. Mabingwa wa zamani walijifunza kwa kukaa miguuni pa mwalimu. Huyu wa leo hukaa miguuni pa mwalimu aliyekwisha kufa, na mwalimu hachoki kurudia.

Gharama yake yahesabika. Kwa ubora wa kawaida wa sauti, biti 96,000 kwa sekunde, saa moja ya muziki hula megabaiti 43 hivi za kifurushi. Si nyingi kwa mtumishi mwenye mshahara. Ni nyingi kwa kijana anunuaye kifurushi cha siku moja na kukigawa baina ya masomo, mama yake aliyeko kijijini, na nyimbo. Programu ina dawa ya jambo hili: wimbo waweza kuhifadhiwa simuni na kusikilizwa bila ya mtandao. Lakini dawa hiyo hupewa alipaye ada ya kila mwezi, na hata yeye sharti arejee mtandaoni walau mara moja katika siku 30, la sivyo akiba yake hufungwa. Asiyelipa husikiliza na matangazo ya biashara, na kila aingiapo hukata kifurushi upya. Basi aliye maskini hulipia wimbo mmoja mara nyingi, na mwenye uwezo huulipia mara moja.

Sifa ya pili ni ya upande wa pili wa mlango. Mwaka 2024 wanawake wawili wa ukoo wa Zawose, Pendo na Leah, wajulikanao kwa jina la The Zawose Queens, walitoa sahani yao, Maisha. Katika desturi ya Kigogo waliyokulia, wanawake hawakuwa wakishika uongozi wa kuimba mbele ya watu. Huyu ni binti na yule ni mjukuu, na wote wawili walikaa nyuma miaka mingi. Siku sahani ilipotoka ilifika kila nchi yenye programu hiyo kwa saa moja, pamoja na Bagamoyo yenyewe. Chibite haikupata bahati hiyo. Kadhalika singeli, muziki wa mbio uliozaliwa katika mitaa ya uswahilini Dar es Salaam, ulipata wasikilizaji wa mbali kabla baadhi ya wakubwa wa nyumbani hawajakubali kuuita muziki.

Ila zake sasa. Ya kwanza ni kwamba ghala hili hutunza sauti na kupoteza maelezo. Ukurasa wa wimbo huonyesha jina la wimbo, jina la mwimbaji, picha, na urefu wake kwa dakika. Mara nyingine na majina ya watungaji. Hausemi kwamba lugha iimbwayo ni Kigogo. Hausemi kwamba ngoma hii ni ya jando na ile ni ya mavuno. Santuri za kale walau zilikuwa na karatasi katikati, na sahani za Real World zilikuwa na kijitabu ndani yake. Kijitabu kimebaki Ulaya. Kilichorudi ni sauti tupu. Kwa msomi wa fasihi simulizi hasara hiyo si ya pambo, maana wimbo usiojulikana uliimbwa na nani, kwa nani, na kwa tukio gani, ni nusu ya wimbo.

Mdundiko wa Wazaramo hauingii humo hata kidogo, kwa kuwa mdundiko ni njia: huanza mlangoni pa mtu, hupita mtaani, hukusanya watu kama mto ukusanyavyo vijito. Lakini hilo tusiionee programu. Redio nayo haikuuweza.

Zaidi ya hayo, ghala hutaka kila wimbo uwe na mwenyewe. Wimbo hupelekwa humo na wakala, na wakala huandika jina la aliyeuleta. Nyimbo za harusi za Wakwere hazina mwenyewe mmoja. Ni za wote, na kila bibi huongeza neno lake. Atakayetangulia kuzirekodi na kuzipeleka, jina lake ndilo litakaloandikwa, na kijiji kizima kitageuka msikilizaji wa mali yake.

Ila iliyo kubwa ni ya malipo, nayo yataka kuelezwa polepole. Wengi hudhani kwamba ada ya msikilizaji humwendea yule anayemsikiliza. Sivyo. Fedha zote za nchi moja hutiwa katika chungu kimoja. Kampuni huondoa fungu lake, na fungu la wenye nyimbo, karibu theluthi mbili, hugawanywa kwa kadiri ya hesabu ya masikizo. Mwanafunzi wa Bagamoyo alipaye ada na asisikilize kitu mwezi mzima ila zeze, sehemu kubwa ya ada yake huwaendea waimbaji wenye masikizo mengi ambao hajapata kuwasikia. Tena kwa kuwa ada ya Tanzania ni ndogo kuliko ya Uingereza, chungu cha Tanzania ni chepesi: sikio la London lina thamani kuliko sikio la Bagamoyo, wimbo ukiwa ule ule. Mwimbaji mwenye busara ya biashara ataimba akielekea kaskazini.

Kisha, tangu mwanzo wa mwaka 2024, Spotify imeweka kizingiti. Wimbo usiosikilizwa mara 1,000 katika miezi 12 haulipwi kitu. Kampuni ilijitetea kwa hoja isiyo ya kipuuzi: kwamba nyimbo hizo hupata senti chache tu kwa mwezi, ambazo aghalabu huishia kwa mawakala na ada za benki bila ya kumfikia mwimbaji, na kwamba kampuni haibaki na fedha hizo bali huzigawa kwa nyimbo zilizovuka kizingiti. Yaani kidogo cha wasio nacho huongezwa kwa wenye nacho. Senti yaweza kuwa si kitu mfukoni; katika daftari ni ushahidi kwamba kazi ilifanywa na deni lipo. Daftari likifutwa, kinachobaki ni hisani.

Watakaoguswa ni nani? Si nyota wa bongo fleva, ambao huvuka elfu kabla ya adhuhuri. Ni kikundi cha ngoma cha Kaole au Mlingotini kilichochangishana fedha za studio, kikarekodi nyimbo nne katika lugha ya watu wachache. Elfu moja ni mzaha kwa Kiingereza. Kwa Kikwere ni safari.

Kikundi chenye watu 12 kingeweza kujitetea kwa hesabu: kila mmoja ausikilize wimbo wao mara 7 kwa mwezi, na mwaka ukiisha yatapatikana masikizo 1,008. Spotify imekwisha liona tundu hilo. Pamoja na hao elfu, imeweka sharti la idadi ya wasikilizaji mbalimbali, na idadi yenyewe haikuitangaza.