Skrini Ilipogeuka Kamera

Wenzangu wa kurusha matukio mubashara hapa Dar es Salaam wataniambia kama naongopa: hakuna kitu kilichotuaibisha mbele ya wateja kama slaidi. Harusi, mahafali, ibada, hizo tulizimudu. Lakini kongamano la watoa mada, kila mmoja na kompyuta yake na grafu zake, lilitutoa jasho.

Njia ya siku zote ilikuwa kuelekeza kamera moja kwenye kitambaa cha projekta. Taa za ukumbi zimekipausha, picha imekaa upogo kwa kuwa kamera iko pembeni, na mistari ya kiza inapanda taratibu kwa sababu kasi ya kamera na ya projekta haziendi pamoja. Mhadhiri mmoja mstaafu alinifuata wakati wa chai.

“Mwanangu, binti yangu yuko Uingereza ananitazama. Ananiandikia kwamba tarakimu anazisikia ninavyozisoma, lakini kuziona hazioni.”

“Samahani sana mzee, tunarekebisha,” nikamjibu. Cha kurekebishia sikuwa nacho.

Njia nyingine ilikuwa waya wa HDMI kutoka jukwaani hadi meza ya mitambo, ambayo wenye kumbi hupenda kuisukuma nyuma kabisa. Waya wa kawaida wa aina hiyo ukishapita mita 15 hivi huanza vitimbi: picha inakatika, inatoa chenga, au inagoma kabisa. Na hata usipogoma, mtoa mada huyu anachomoa, yule anachomeka, kompyuta hii ni ya 1366 kwa 768, ile ya 1920 kwa 1080, na mikisa ya video inahangaika kuitambua picha mpya huku watazamaji wakitazama weusi.

Kilichonitoa huko ni NDI. Ni utaratibu wa kupitisha video na sauti ndani ya mtandao wa kawaida wa kompyuta, uliotolewa mwaka 2015 na kampuni ya NewTek ya Texas, Marekani, wale wale wa mitambo ya kurushia ya TriCaster. Waliuachia watengeneza programu bila malipo, ndiyo maana leo programu ya kurushia ya vMix inausoma, na mwenzake OBS nayo inausoma ukiiongezea kipande chake. Kwenye kompyuta ya jukwaani unaweka programu ndogo, zamani ikiitwa Scan Converter, siku hizi Screen Capture. Inachukua kilichopo kwenye skrini na kukipeleka mtandaoni. Huku mezani nafungua orodha ya vyanzo, jina la kompyuta ile limeshajitokeza lenyewe, nabofya. Basi. Siku ya kwanza nilisoma hadi yale maandishi madogo chini kabisa ya slaidi, ambayo hata aliyeyaandika hatarajii mtu ayasome.

Lakini wengi wakisikia neno mtandao wanadhani nyaya zimekwisha. Hazijakwisha. Chanzo kimoja cha NDI kamili, cha 1080p kwa fremu 60, kinakula takriban megabiti 125 kwa sekunde. Swichi ya zamani ya megabiti 100 haikibebi hata hicho kimoja. Kwa hiyo natembea na swichi yangu ya gigabiti na waya wa Cat6, ambao wenyewe unafika mita 100 bila kulalamika. Wi-Fi ya wageni hotelini sitaki hata kuisikia: mbali na kuyumba, mara nyingi imewekwa ili kompyuta moja isiione nyingine. Na Windows ikiuliza kama mtandao ni wa umma au wa faragha, jibu faragha. Ukijibu umma, ulinzi wake unaweza kukificha chanzo, ukabaki unalaumu waya usio na hatia.

Kanisani nako raha ilikuwa ya aina yake. Programu za maneno ya nyimbo kama ProPresenter zinaweza kutoa NDI yenye usuli wazi, kwa hiyo ubeti unakaa juu ya picha ya kwaya bila lile boksi jeusi lililokuwa likiwakata waimbaji viuno.

Jambo ambalo hakuna aliyenitahadharisha nalo ni kwamba skrini haina siri. Mtoa mada yuko katikati ya ukuaji wa uchumi, pembeni unachomoza ujumbe wa WhatsApp: “Gesi imeisha, rudi na mtungi.” Ukumbi uliangua kicheko, na walioko ng’ambo nao waliusoma vizuri kabisa, bila mistari wala upogo. Tangu hapo kabla ya kuanza naketi na anayeshika kompyuta ya jukwaani kama ninavyoketi na mpiga picha wa kamera ya kwanza. Tunazima arifa, tunachagua dirisha la slaidi peke yake badala ya skrini nzima, tunakubaliana kishale cha kipanya kionekane au kisionekane. Yeye ni mwenzetu kazini, hata kama amekuja na tai ya wizara.

Wapo wasiotaka programu ya mtu mwingine iwekwe kwenye kompyuta zao, hasa za ofisi, na siwalaumu. Hao nawaomba slaidi kwa flashi, nazifungua kwenye kompyuta yangu iliyo tayari jukwaani, na tunapitia kurasa zote pamoja, maana fonti zikibadilika mistari huruka na jedwali likavunjika. Anayekataa hata flashi nampa waya mfupi wa HDMI unaoingia kwenye kifaa cha kunasa picha kwenye kompyuta hiyo hiyo, na kutoka hapo anasafiri mtandaoni kama wenzake.