Onyo siyo kosa

Jamani, tuliandika programu ya Python yenye dirisha la GTK, ya kusajili wanafunzi wa kituo chetu. Dirisha likafunguka vizuri, lakini kule kwenye skrini nyeusi ya amri kukatokea: Failed to load module "canberra-gtk-module". Tukaogopa, tukafuta kazi ya siku mbili.

Kumbe moduli hiyo ni ya milio tu! Majina yalikuwa yanahifadhiwa bila shida.

Sisi wa kambini, Kiingereza kigumu kwenye karatasi kimetuletea habari mbaya mara nyingi, ndiyo maana mkono ulikimbilia kufuta. Siku hizi tunajaribu programu kwanza. Ikigoma, tunatafuta kosa. Ikifanya kazi, onyo tunaliandika daftarini, tunalitafutia maana siku intaneti ikipatikana. Hatufuti tena kwa woga.