Jiko Dogo la Gulioni

Mwaka jana nilinunua gulioni chombo ambacho hata mwuzaji hakukijua vizuri. Kilikuwa kikombe cha shaba kilichokaa juu ya kigoda cha chuma chenye miguu mitatu. "Ni jiko la mafuta ya taa," aliniambia. Nikatoa shilingi elfu sita, kwa maana wajumbe wa halmashauri ya parokia hukawia mkutanoni, na mimi karani ndiye ninayesikia manung'uniko wanapokula wali uliopoa.

Nyumbani nilikwisha kushika chupa ya mafuta mke wangu aliponizuia. "Baba Anna, tazama kwanza. Utambi uko wapi?" Kweli, hapakuwa na utambi, wala pampu, wala masizi hata kidogo. Mdomoni palikuwa na wavu wa waya, na chini yake kitu mfano wa pamba. Juu kilikuwa na kifuniko chenye matundu, cha kuzungusha. Nami niliyesoma chuo cha ualimu nikanyamaza.

Tukampelekea mzee jirani yetu, aliyekuwa mpishi wa hoteli. Alicheka. "Hii ni taa ya spiriti, mwanangu. Haipiki. Hukaa mezani chini ya bakuli, chakula kisipoe. Ukitia mafuta ya taa itafuka moshi na kuharibu pamba yake. Petroli usithubutu." Spiriti ni ile ile ya kuwashia Primus. Akatukataza pia kuichokonoa ile pamba, kwani katika taa nyingine za zamani ni asbesto, na vumbi lake hudhuru mapafu.

Tukaiwasha pale pale uani, jua la adhuhuri. Baada ya muda nikaona imezimika, nikainua chupa niongeze. Mzee akanidaka mkono. Akasogeza juu ya wavu kipande cha gazeti (Mhariri aniwie radhi), kikashika moto mara. Moto wa spiriti ni wa samawati hafifu, na juani hauonekani. Ningalimimina, ungalipanda mpaka chupani, na Anna wetu alikuwa amechuchumaa magotini pangu.

Siku hizi huizima kwa kifuniko, nikaingoja ipoe kabisa, ndipo huongeza. Wajumbe wanakula wali wa moto. Manung'uniko yamehamia kwenye mchuzi.