Mwalimu wa Moi's Bridge

Kama umewahi kupanda matatu kutoka Eldoret kwenda Kitale, umepita Moi's Bridge. Sijasema umefika. Mimi nimepita hapo tangu nikiwa wa kupakatwa, kwa sababu nyanya yetu alikuwa Kitale, na kila Agosti shule zikifungwa ilikuwa safari ile ile: makanga anapiga bati, mtu mmoja anashuka na kuku, wawili wanapanda, mahindi ya kuchoma yanaingizwa dirishani, tunaenda. Ungeniuliza kuhusu huo mji ningekuambia mahindi ya kuchoma. Basi.

Miezi mitano baada ya kumzika baba, mama aliamua Probox yake iuzwe. Mnunuzi alikuwa Kitale, ameshalipa nusu, na alitaka gari lifike Jumamosi kabla ya jioni. Mimi sina leseni, kwa hivyo dada yangu akaja na basi la usiku kutoka Nairobi. Tulipofika Maili Nne akasema, macho yakiwa barabarani, "Hii ndiyo mara ya mwisho tunapanda hii gari. Tusimame kila mahali."

Ni kama kilomita 70 tu. Watu wa rika letu huenda Lamu au wakavuka hadi Unguja, wakakodi gari, kisha wanarudi na picha za vijiji ambavyo eti wamevigundua. Sisi tuligundua Soy. Tulikunywa chai kwa kibanda ambacho nimekipita labda mara mia, na chai ilikuwa nzuri kuliko ya mjini, tangawizi ya kweli, sukari ya kutosha kuua mtu. Matunda tulinunua maparachichi, kwa sababu utapitaje Matunda bila kununua matunda? Dada alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu matanga.

Moi's Bridge tuliingia kama saa saba. Mji wenyewe umejipanga kandokando ya barabara na reli, maduka ya pembejeo yamefuatana na maduka ya nafaka, na maghala ya NCPB yanakuonyesha hapa watu wanaishi kwa nini. Zamani paliitwa Hoey's Bridge. Arthur Cecil Hoey alikuwa mwindaji wa Kizungu aliyejenga daraja juu ya mto Nzoia mwanzoni mwa karne ya 20, walowezi wakafuata njia hiyo, na mwaka 1926 reli ikafika Kitale. Baada ya uhuru Hoey akatolewa, Moi akawekwa, daraja likabaki. Ng'ambo ya mto ndiyo Trans Nzoia, na jina lenyewe ndiyo maana yake: ng'ambo ya Nzoia. Kila nikilisikia najiuliza ni nani alikuwa amesimama upande huu akinyoosha kidole. Kwa aliyezaliwa Kitale, ng'ambo ni sisi.

Haya yote nilikuwa nikimweleza dada huku akipaki, na yeye hakuwa akisikiliza. Mzee mmoja alikuwa ametoka kwa duka la nafaka akija moja kwa moja kwetu. Akagonga boneti mara mbili kama mtu anayebisha kwa rafiki, akainama dirishani. Alipoona ni msichana kwa usukani, akarudi nyuma.

"Samahani, madam. Mwalimu ako wapi?"

"Mwalimu gani, mzee?"

"Mwenye hii gari."

Baba hakuwa mwalimu. Baba alikuwa karani wa stoo kwa kiwanda kimoja pale Eldoret. Kila asubuhi saa kumi na mbili na robo aliondoka na tai shingoni, na kila jioni akarudi akiuliza kama tumefanya homuweki. Nilidhani mzee amechanganya magari. Halafu akasema, "Mwembamba, wa kukohoa kabla ya kuongea," nikajua hajachanganya.

Dada ndiye aliyemwambia. Mzee hakusema pole mara moja. Alienda akakaa juu ya gunia mlangoni pa duka lake, akavua kofia, akakaa hivyo. Ndipo akatuita ndani.

Hadithi aliitoa vipande vipande, wateja wakiingia na kutoka. Baba alifika hapo mapema 2016. Alikuwa ameachishwa kazi na hakutaka kununua mahindi Eldoret, ambako angekutana na watu wa kanisani. Hapa hakuna aliyemjua. Alifika asubuhi, akavua tai, akaikunja, akaiweka kwa dashibodi, kisha akaingia mashambani kutafuta wenye gunia mbili, tatu, wale ambao malori hayajisumbui kuwafuata. Alinunua, akapima, akauzia wenye mashine za kusaga unga. Hesabu zake aliandika kwa daftari la shule, kwa mwandiko mzuri sana, ndiyo wakamwita Mwalimu. Jioni alijikung'uta vumbi, akavaa tai, akaenda nyumbani. Ilikuwa hivyo karibu miaka miwili, hadi alipopata kazi nyingine mjini.

Nilipiga hesabu hapo hapo. 2016 dada alikuwa mwaka wa pili chuo kikuu. Mimi nilikuwa Form Two, na nilimpigia baba kelele kwa sababu alinikataza kwenda safari ya shule ya Mombasa. Nilimwambia ni mchoyo. Nakumbuka vizuri kwa sababu hakujibu, alikohoa tu akatoka nje.

Nikiwa mkweli, kitu cha kwanza nilichohisi pale dukani hakikuwa huruma. Nilikasirika. Watu wa mji mzima, hadi mama wa hoteli ya jirani aliyekuja kutusalimia akitwita "watoto wa Mwalimu", walimjua mtu ambaye sisi hatukuwahi kukutana naye. Alisema Mwalimu alipenda utani. Utani! Kwetu baba hakuwa na utani. Akatuletea maharagwe na chapati, akakataa pesa, akasimama akitutazama tukila.

Kabla tuondoke mzee alitushushia mizani iliyokuwa imening'inia juu ya mlango, ile ya ndoano, uso wake umechakaa hata namba ni za kubahatisha. "Hii aliniachia. Ni ya kwenu, chukueni."

Niliitaka. Sijui ningeiweka wapi kwenye bedsitter yangu, lakini niliitaka sana. Dada akaigusa ndoano, akamwambia, "Wacha ikae, mzee. Bado inafanya kazi."

Tulirudi kwa gari tukakaa bila kuwasha. Dada akafungua dashibodi. Kulikuwa na risiti za petroli, kalamu isiyoandika na panadol. Hakukuwa na tai, na sijui kwa nini tulidhani ingekuwepo.

"Tutamwambia mama?" nikauliza.

Tulibishana. Mimi nilisema hapana, amwache mumewe apumzike na siri yake. Dada alisema siri ya marehemu si mali yetu kuiweka. Mwishowe akampigia, akaweka spika, akaanza kwa mbali: tumefika Moi's Bridge, mvua haijanyesha, tumekutana na mzee mmoja wa nafaka aliyemjua baba...

Mama akanyamaza. Tulisikia kuku nyuma yake, na redio.

"Mmekula?" akauliza.

"Tumekula, mama. Lakini huyu mzee anasema baba kwa miaka miwili alikuwa..."

"Na unafikiri hizo shati nani alikuwa anafua?" mama akasema. "Kola zimejaa makapi ya mahindi kila siku ya Mungu. Kiwanda gani hicho?"

"Kwa nini hukumwambia unajua?"

"Angeenda wapi sasa, asubuhi?"

Akasema tusichelewe, tuhakikishe pesa iliyobaki imeingia kabla ya kutoa funguo, na tumsalimie mzee. Akakata.

Mnunuzi alikuwa amepiga mara tatu. Dada akawasha gari, likakataa, likakubali mara ya pili kama kawaida yake, tukavuka Nzoia.